Mlango wa Nukta Nne

Mlango haukutikisika.

Wiki iliyopita tulimwacha Cheche mguu ukiwa hewani, meno nje, akiwaahidi wenzake kwamba teke moja tu lingewatoa. Basi teke lilipigwa, na aliyeumia ni mpigaji. Maumivu yalimpanda kutoka kisiginoni hadi kiunoni, na ile sahani ya chuma iliyoziba mlango wa nyuma wa stoo ikabaki pale pale, kama haijaambiwa kitu.

"Umekosea pa kupiga," alisema Bosi Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Bosi, sahani hii nimeifunga mimi mwenyewe asubuhi. Nukta nne tu. Mbili kulia, mbili kushoto. Najua pa kupiga."

"Basi piga tena."

Akapiga tena. Akapiga tena na tena. Mara ya mwisho aliteleza, akakaa kitako ndani ya maji yaliyokwisha kufika magotini, na hakuna aliyecheka.

Kwa uliyechelewa kuungana nasi: kimbunga kilichotangazwa kuwa kingefika jioni kilifika mchana kweupe. Nguzo ya umeme ililala juu ya paa la duka, dari ya mbele ikaporomoka, ikazika kaunta, shata la mlango wa mbele na kila nyundo na mtaimbo uliokuwa ukiuzwa humo. Waliokuwa ndani walikimbilia stoo ya nyuma roho mkononi: Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma; mama mkwe wake, aliyekuja kumhimiza arudi nyumbani kabla ya upepo; na Bosi Misumari, aliyekuwa akihesabu makopo ya rangi.

Stoo yenyewe ni ya zege juu na chini, maana Bosi aliijenga akiwafikiria wezi. Haina dirisha ila tundu la hewa karibu na dari, kwenye ukuta wa ubavuni, lenye ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa. Mlango wake wa mbao walikwisha kuufungua kwa ndani. Kilichobaki ni ile sahani, iliyobandikwa kwa nje, upande wa kichochoro.

Sasa, Cheche ana desturi yake. Mji mzima ulikuwa umemwita yeye na mumewe kuziba madirisha na milango, upepo using'oe na mwizi asiingie. Lakini kila jengo analolifunga, Cheche huacha mlango mmoja ambao hautembezei mshono mzima wa kuchomelea. Huugusa kwa nukta nne, kila moja kama punje ya hindi. Zinatosha kuushikilia mlango upepo ukivuma, na zinakatika mtu aliye ndani akipiga teke. Wateja hawaambii mpaka kazi iishe, kwa sababu mteja akisikia nukta hudhani amepunjwa.

Alilaza sikio kwenye chuma, akagonga kwa kifundo cha kidole. Sahani iliyoshikwa kwa nukta hutikisika na kulia ovyo. Hii ililia kwa mkato, sauti ile ile kila upande.

"Nipe simu yako, Bosi."

Mtandao ulikuwa umekatika na kimbunga, ila tochi iliwaka. Alimulika. Pembezoni mwa sahani, alama ya joto ya bluu na kahawia ilikuwa imezunguka yote, juu, chini, kulia, kushoto, bila kukatika hata mahali pamoja.

Akamrudishia Bosi simu.

"Mtu amepita baada yangu," alisema. "Ameichomelea mzunguko mzima. Na mshono wa hivi, usiopumzisha mkono, mji huu anaujua mtu mmoja tu. Hii kazi ni ya mume wangu."

Mama mkwe akakohoa.

Cheche alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekisikia siku alipounguza wali wa wageni, na siku alipokwenda kanisani na suruali ya kazi.

"Mama?"

"Nini?"

"Sijakuuliza kitu bado."

"Basi usiulize."

Upepo uliunguruma kichochoroni, na bati la mtu fulani likapita likigonga kuta. Cheche alisubiri. Mama mkwe alijifunga upya kilemba chake ambacho hakikuwa kimelegea.

"Nilipita huko nyuma nikija," alisema hatimaye. "Nikaona vinukta vinne. Vinne, jamani! Kama mtoto kachezea ukutani. Nikasema, kimbunga kikipita watu watatucheka, ukoo mzima wa mafundi. Nikamkuta mwanangu pale kona, anafunga madirisha ya zahanati."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umesema amalizie."

"Nimesema mimi?"

"Aliniuliza mara mbili. 'Mama, una hakika kasema mwenyewe?' Nikamwambia nina hakika."

Bosi Misumari alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, kisha akaona ni heri aangalie magunia yake ya saruji.

Tusifichane. Wakati ule Cheche alimchukia mama yule kwa moyo wake wote. Alimchukia kwa mdomo wake, kwa kilemba chake, na kwa miaka yote aliyomtambulisha kwa wageni kuwa "mke wa mwanangu, yule wa moto moto." Na chini ya chuki hiyo kulikuwa na jambo baya zaidi. Mume wake, mtu mwema kuliko wote aliowajua, alikuwa amemfungia kaburi kwa mkono wake, taratibu, kwa ustadi, akidhani anamtii.

"Yeye anajua niko humu?" aliuliza.

"Anajua tumeshakwenda nyumbani," alisema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwambia nakuja kukuchukua."

"Samahani," Bosi alidakia. "Samahani sana kuingilia mambo ya familia. Lakini haya maji yana chumvi."

Alikuwa amechovya kidole na kukilamba.

"Bomba limepasuka," alisema mama mkwe.

"Bomba gani lina chumvi, mama? Hiyo ni bahari. Bahari imeingia mtaani."

Kutoka dukani hadi ufukweni kuna shule, soko, uwanja wa mpira na mitaa mizima ya nyumba. Kama bahari ilikuwa imeyavuka yote hayo, haikuwa inakuja kuchungulia na kurudi. Maji yalikuwa yamepanda kutoka magotini hadi mapajani huku wao wakigombana.

Cheche akavuta nondo kutoka rundo la pembeni, akaisukumiza kwenye ufa kati ya sahani na ukuta, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote. Nondo ikapinda. Akachukua ya pili. Nayo ikapinda, bila hata kujifanya inajitahidi.

"Bosi, nondo gani hizi?"

"Ni za... bei ya chini."

"Watu wanajengea nyumba hizi?"

"Fundi, naomba tujadili hilo tukitoka."

"Tukitoka," Cheche alisema, "nitakuchomelea mdomo."

Alijaribu ukutani. Nondo ilikwangua zege, ikaacha mstari mweupe tu. Alijaribu na toroli, wakalibamiza kwenye sahani wao watatu kwa pamoja, mara nyingi, mpaka gurudumu likang'oka na kuelea. Hakuna kilichosogea. Mshono wa mumewe haukuwa na kasoro, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliomba uwe na kasoro.

Maji yakafika kiunoni.

"Panda juu ya magunia," alisema mama mkwe. "Utapata homa."

"Homa?"

"Umelowa, na wewe kifua chako si kizima."

Cheche alitaka kucheka, akajikuta analia. Alilia kwa hasira, makamasi na yote, na mama mkwe alisimama kando akiwa na mkono hewani, asijue auweke begani kwa mkamwana wake au auache. Aliuacha. Kuomba msamaha kulikuwa kitu ambacho mama yule hakuwahi kujifunza, na stoo inayojaa maji si mahali pa kuanzia.

Hapo ndipo Bosi Misumari alipopata wazo.

Mawazo ya Bosi huwa yanamhusu Bosi. Alikuwa ameliangalia lile tundu la hewa kwa muda, akalipima kwa macho, akajipima na tumbo lake, na kwa sababu anazojua mwenyewe akaona inawezekana. Bila kuaga alianza kupanda rafu.

"Bosi, shuka! Rafu hiyo haikubebi!"

"Nataka kupiga kelele tu! Watu wanisikie!"

"Pigia kelele hapo hapo chini!"

Mguu wake wa kwanza ulikuwa kwenye ubao wa makarai. Wa pili kwenye makopo ya rangi. Mkono wake ukafika kwenye tundu, akatia pua, akavuta hewa ya nje kwa raha zote, na rafu ikaachia ukuta.

Kilikuja kishindo, kisha giza, maana Bosi alikuwa na simu mkononi nayo ilizama pamoja naye. Cheche alimpapasa majini akamshika ukosi, akamwinua. Alikuwa mzima, anatema maji na kulia jina la mama yake. Makarai yaliyumba juu ya maji yakigongana. Macho yao yakaanza kuuzoea mwanga hafifu wa kwenye tundu.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza.

"Mbona nanukia jiko?"

Cheche akanusa.

Dumu la mafuta ya taa, lililokuwa rafu ya juu kabisa, lilikuwa limepasukia begani kwa mama mkwe. Gauni lake lote lilikuwa mafuta. Kilemba mafuta. Na juu ya maji, kutoka ukuta hadi ukuta, kulitanda utando unaong'aa, ukilowesha makatoni na karatasi za magunia yaliyokuwa yakielea kila mahali.

"Si kitu," alisema Cheche. "Hatuna moto humu. Mradi hakuna moto, si kitu."

Alikuwa hajafunga mdomo aliposikia sauti.

Ilikuwa sauti ya kufoka, nyembamba, isiyokatika, kutoka upande wa pili wa sahani. Bosi hakuielewa. Mama mkwe hakuielewa. Cheche angeielewa hata usingizini, kwa maana ilikuwa imemlisha na kumvisha. Ilikuwa gesi ikitoka kwenye kichwa cha kukatia chuma.

"Mwanangu!" mama mkwe akapiga kelele alipoona mkamwana wake amekodoa macho. "Ni mwanangu, siyo? Kaja na mtungi! Kaja kututoa!"

"Asante Mungu," alisema Bosi. "Asante Mungu, asante Mungu."

Kwa pumzi moja tu Cheche naye alifurahi. Mtungi wa kukatia ulikuwa mmoja mtaani, na ulikuwa wa kwao. Mumewe alikuwa amefika nyumbani, hakuwakuta, akajua. Alimwona akilini, miwani yake myeusi usoni, amesimama kichochoroni na maji kifuani.

Kisha doa jekundu likatokea kwenye sahani, juu, upande wa kushoto, na furaha ikamtoka yote.

Anayekata chuma huona upande wake. Haoni cheche zinakoangukia upande wa pili.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima! Kuna mafuta humu!"

Upepo uliimeza sauti yake. Doa lilizidi kuwa jekundu.

Lakini wao wawili hawakuhitaji sauti. Wachomeleaji wanapofanya kazi, mmoja ndani ya tangi na mwingine nje, hawasikilizani. Mtu na mkewe walikuwa na lugha yao ya kugonga. Moja, washa. Mbili, zima. Hata siku walizogombana asubuhi na kwenda kazini bila kusemeshana, mumewe hakuwahi kupuuza mbili zake.

Cheche alinyakua kipande cha nondo, akagonga sahani kwa nguvu zake zote. Mara mbili.

Moto haukuzima.

Akagonga tena. Mara mbili, wazi, zikasikika mpaka kwenye meno.

Doa likawa jeupe. Chuma kikaanza kulia.

"Kwa nini haachi?" aliuliza mama mkwe. "Mwambie aache!"

"Nimemwambia!"

"Mwambie vizuri!"

"Mama, nimemwambia! Haachi!"

Na hapo, kutoka juu, kwenye lile tundu la hewa, mtu akaita.

"Cheche! Cheche, uko humo?"

Wote watatu waliinua nyuso zao. Vidole vinne vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa tundu, vikitoka damu, na sauti ile haikuwa ya kuulizia ni ya nani. Ilikuwa ya mume wake.

Cheche alijisukuma hadi chini ya tundu, akaangalia vidole. Aliangalia doa jeupe mlangoni. Akaangalia tena vidole.

"Uko juu?" alisema. "Kama uko juu, nani yuko mlangoni?"

"Wamenipiga!" mumewe alifoka kupitia tundu. "Nimekuta nyumba tupu, nikabeba mtungi kuja huku. Watu wawili wamenivamia pale kona, wameninyang'anya! Wanataka kuvunja maduka!"

"Wanavunja hapa!"

"Nini?"

"Wanakata mlango huu, na humu kuna mafuta ya taa, yamemwagika kote! Mama ameloa mafuta mwili mzima! Wazuie!"

Vidole vilitoweka. Hawakusikia hatua, hawakusikia mruko. Walisikia upepo tu, na ile sauti nyembamba ya gesi.

Wezi wale hawakujua kama kuna mtu ndani. Kwao kugonga kule ni bati linalopigwa na upepo. Walikuwa na haraka, na walikuwa wanajua kidogo tu kutumia kile walichoiba, kiasi kwamba moto wao ulikuwa mkubwa kupita inavyotakiwa.

Chuma kikatoboka.

Tone la kwanza likajikusanya kwenye ukingo wa tobo, jekundu, zito. Chini yake, katoni lililolowa mafuta lilikuwa likielea taratibu, likija pale pale.

Cheche hakuwahi. Alikuwa upande wa tundu, na maji yalimfika tumboni, na mtu hakimbii ndani ya maji.

Aliyewahi ni mama mkwe.

Alichota karai lililokuwa likielea mbele yake, akalibana kwenye sahani chini ya tobo, na tone likaanguka ndani. Likachemka juu ya maji kidogo yaliyokuwemo, likazima. La pili likafuata. La tatu. Kisha yakaanza kumiminika, na cheche pamoja nayo, zikigonga karai na kuruka.

"Mama! Nguo zako! Toka hapo!"

"Linakwenda upande gani?"

"Nini?"

"Tobo la moto! Wewe si ndiyo kazi yako? Linakwenda wapi sasa, nilisogeze?"

Cheche akapiga moyo konde. Alijisukuma mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya mama mkwe, akaanza kumsomea mlango kama mtu anayeendesha gari kwa macho ya mwingine.

"Kulia. Polepole. Kulia. Hapo. Sasa anapumzika, usitoe. Kulia tena. Bosi! Sukuma karatasi zote kule nyuma! Mmwagie mama maji kichwani, chota ya chini, ya chini, siyo ya juu!"

Bosi Misumari alizama kichwa kizima kuyatafuta maji yasiyo na mafuta. Tumpe haki yake, alizama mara nyingi, na kila alipoibuka alimwagia mama yule kwa kopo la rangi.

Karai lilipata moto. Mama mkwe alilishika kwa viganja vitupu, na harufu iliyotoka haikuwa ya mafuta peke yake. Cheche alinyoosha mikono alipokee.

"Usiguse. Mikono yako tutaihitaji kesho."

"Mama, unaungua."

"Sema linakwenda wapi."

"Chini. Sasa linakwenda chini."

Walikuwa wanakata umbo la mlango mdogo katikati ya sahani. Juu walimaliza. Upande wa kulia wakashuka nao mpaka karibu na maji, wakapita chini, wakaanza kupanda kushoto. Karai lilifuata, inchi kwa inchi, na hakuna tone lililoponyoka. Cheche alipima kwa macho mkato uliobaki: urefu wa mkono mmoja na nusu. Kisha mkono. Hewa ya nje ilianza kupenya kwenye mkato, baridi, tamu, na akajikuta anaamini kwamba watatoka.

Ndipo alipoona alichokuwa hakukiona.

Kipande kile kilikuwa kipana kuliko mabega ya mtu, na kingo zake zote zilikuwa nyekundu. Wezi wanaotaka kuingia hawakivuti kipande kuja kwao. Wanakisukuma kwenda ndani. Karai lilitosha kukinga matone, lakini hakuna karai la kukinga mlango mzima ukianguka na moto wake juu ya mafuta, na juu ya mwanamke aliyelowa mafuta.

"Mama, ondoka hapo," alisema. Alijaribu kulisema kwa utulivu. "Wakimaliza wataisukuma ndani. Itakuangukia wewe."

"Imebaki kiasi gani?"

"Kiganja. Mama, ondoka!"

"Nikiondoka, nani atakinga?"

"Mama, nakuomba!"

Upande wa pili mtu aliguna, na bega zito likagonga chuma. Kipande kikalia, kikaachana na sahani upande wa juu, kikainama taratibu kuelekea kifuani kwa mama mkwe, naye hakusogea.